Mfupa wa Machozi

Jambo la mwisho la kawaida lilikuwa kupangusa mifupa saba ya tundu la jicho. Mwalimu wa anatomia aliirudisha kisandukuni, kila mmoja katika kishimo chake cha pamba, akamalizia na ule mdogo kabisa, mfupa wa machozi, mwembamba kama ukucha, ukaao kando ya pua na kuyapitisha machozi yashuke puani. Akafunga kwa ufunguo, akaenda kula.

Aliporudi, pamba ya kishimo kile ilikuwa chepechepe. Akaibadilisha. Ikalowa tena. Kisha, ndani ya kisanduku kilichofungwa, mtu akavuta kamasi.

Akamwita fundi wa maabara. "Huu umeutoa wapi?"

"Ule wa zamani wanafunzi waliuvunja, Mwalimu. Si unajua mikono yao." Fundi akatazama sakafu. "Nikachukua wa marehemu mama, mkeo, kabla ya maziko. Kijifupa kama hicho, nikadhani hakuna atakayejua kimepungua."

Mke wa Mwalimu alikuwa ameusia mwili wake utumike kufundishia, kwa sharti moja: mifupa yote izikwe pamoja. Waliizika wiki tatu zilizopita. Mwalimu mwenyewe hakutoa chozi, na watu wakamsifu kwa kujikaza.

Mama mkwe alipopata habari alikuja, akaweka sikio kwenye kisanduku, akarudi nyuma.

"Huyu si mwanangu," alinong'ona. "Mwanangu hakuwa mtu wa kulialia. Ni jini, baba. Limeona kaburi halijafungwa sawasawa. Nipe nikauzike leo hii."

"Na ukibaki?"

"Litabaki nalo. Na jini halikai bure kwa mtu."

Mwalimu akampa kitambaa kilichofungwa fundo. Mama mkwe alikizika akisoma dua, bila kukifungua; ndani mlikuwa na vipande vya ule mfupa wa zamani. Wa mkewe alikwenda nao nyumbani, kisandukuni mwake, kwa kuwa hakuwa na kingine chake kilichobaki juu ya ardhi, na usiku kucha kilio kile kilimfuata, kwanza mezani, kisha mlangoni, kisha kwenye mto wa kulalia, karibu na sikio lake, pamoja na harufu ya udongo uliolowa, hadi akasikia kidole baridi kikimpapasa pembeni mwa jicho la kushoto, taratibu, kama mtu anayejua kazi yake.

Kulipokucha, kisanduku kilikuwa kimya. Kando ya mfupa wa mkewe palikuwa na mwingine, mkavu. Alijigusa pembe ya jicho, kidole kikadidimia. Machozi yakaanza kumshuka shavuni, maana puani hayakuwa na njia tena.

Aliilaza miwili katika kishimo kimoja, akafunga kwa ufunguo, akaenda kufundisha.