Slaidi Tupu ya Profesa

Siku hadubini zilipoletwa shuleni kwetu nilikuwa nasahihisha madaftari, nimevua viatu chini ya meza, naomba kengele ya mchana isichelewe. Gari la hospitali likaingia getini kinyumenyume, akashuka wifi yangu, mke wa kaka yangu mkubwa, koti lake jeupe limepigwa pasi mpaka linaweza kusimama lenyewe. Yeye ndiye mkuu wa maabara ya hospitali. Mimi nafundisha biolojia. Tangu aolewe kwetu ananiita Mwalimu wa Panzi, nami namwita Bibi Damu, na hakuna aliyewahi kununa.

"Mwalimu wa Panzi, nimekuletea mabinti zangu," alisema. "Wamekosa waoaji mji mzima, nikaona niwalete kwa wifi."

Hospitali ilikuwa imepata mashine mpya zinazosoma damu zenyewe na kutoa majibu kwenye skrini. Hadubini za zamani zikawa zinakula nafasi tu. Wifi alizunguka nazo akizitafutia pa kukaa. Zahanati zilizikataa. Daktari wa mifugo alichukua moja, akairudisha. Mnunuzi wa vyuma chakavu naye aliichukua hiyohiyo, akairudisha pia, akaitua mlangoni na kuondoka bila kudai chochote. Umewahi kuona mtu wa vyuma chakavu anarudisha chuma? Haya ya kurudishwa sikuambiwa siku ile, nimekuja kuyajua baadaye.

Tukapiga picha, mkuu wa shule akatoa hotuba, wanafunzi wakapiga makofi. Hadubini nyingine zilikuwa zimevaa mifuko ya plastiki. Moja tu, nyeusi na nzito, rangi imechubuka pale mikono inaposhika, ilifunikwa kitambaa cha kaki. Wifi alizibeba hizo nyingine zote mwenyewe kwa mbwembwe. Ile nyeusi alimwachia dereva.

"Hiyo hujaishika," nilimtania. "Au hiyo ndiyo mke mwenzio?"

Hakucheka. Akasema ana kazi nyingi, akapanda gari.

Sikulitilia maanani. Ila tangu wiki ile, kila nilipofungua maabara asubuhi, nilikuta kitambaa cha kaki kimevuliwa, kimekunjwa mara nne na kuwekwa upande wa kulia. Kigoda kimesogezwa mezani. Nikamsema mfanya usafi, akaapa kwamba ufunguo wa chumba kile hana, na kweli hana. Nikajisemea pengine nimefanya mimi mwenyewe nikasahau, maana mwalimu mwenye madarasa matano husahau hata jina lake.

Hadubini ya macho mawili hupanuliwa au kubanwa ili ilingane na uso wa anayeitumia. Ile nyeusi ilikuwa imepanuliwa kwa ajili ya mtu mwenye uso mpana. Niliibana ifae wasichana. Nilipogeuka kuchukua chaki na kurudi, ilikuwa imepanuka tena. Nikaweka macho hivyohivyo. Lenzi zilikuwa na joto, na zina ukungu, kama mtu ametoka kuzipumulia.

Ndipo likaja somo la kidato cha pili, darasa la Chiriku. Huyo ni binti wa pekee wa kaka na wifi, tulimpa jina hilo kwa sababu mdomo wake haukujua kupumzika. Somo la kwanza la hadubini huwa naanza na slaidi tupu, kile kipande cha kioo kilichosafishwa bila kuwekwa chochote. Mwanafunzi ajue kwanza vumbi na mikwaruzo vinavyoonekana, asije kesho akaniambia vumbi ni kiumbe. Chiriku aliisafisha mwenyewe, akaiweka kwenye ile nyeusi, akainama.

"Shangazi... samahani, Mwalimu. Kuna vitu."

"Vumbi hilo."

"Siyo vumbi. Ni vipete, kila kipete kina kito. Vimejaa ndani ya viduara."

Niliangalia. Mwanga mtupu, mweupe, hakuna hata unywele. Nikamwambia hivyo, na darasa likaangua kicheko. Mmoja akapaza sauti kwamba Chiriku anaweza kupiga soga hata na kioo. Mtoto akainama tena. Aliponyanyua uso macho yalikuwa yamejaa machozi.

"Vinaongezeka," alininong'oneza.

Wakacheka zaidi. Akatoka nje amejifunika uso kwa mikono. Kabla ya kengele ya kwenda nyumbani, alikuwa anatetemeka kwa homa na hawezi kusimama.

Alilazwa hospitali ya mama yake. Mashine mpya ikasoma damu yake: safi. Ikarudia: safi. Wifi, asiyeamini majibu ya mtu, asubuhi iliyofuata akatengeneza slaidi ya damu ya mwanawe na kuisoma kwa macho yake mwenyewe. Safi. Daktari akatafuta ugonjwa kichwani, kifuani, tumboni, na mtoto anazidi kuzama. Siku hiyohiyo alimtazama baba yake akamuuliza ni nani. Kaka yangu alitoka nje, nikamkuta amekumbatia nguzo ya veranda.

Nilikaa na wifi kwenye benchi la ukumbini. Nikaanza kumsimulia kichekesho cha darasani, hivi tu, ili muda upite. Nilipofika kwenye vipete vyenye kito, alinishika mkono mpaka nikaumia.

"Hadubini ipi?"

"Ile nyeusi."

Wifi yangu, na koti lake la pasi, akateleza kutoka kwenye benchi akakaa sakafuni.

Aliongea kwa sauti ya chini sana, nikalazimika kuinama kando yake. Ile ilikuwa hadubini ya Profesa, mkuu wa maabara kabla yake na mtu aliyemfundisha kazi. Mzee mwenye uso mpana na majivuno, mgomvi, lakini mjuzi kwelikweli. Macho yake yalipoanza kufifia, alikataa kuacha kazi. Alikosea majibu, wagonjwa wakapewa dawa zisizo zao. Ilibidi azuiwe, na hilo hata leo wifi halijutii.

"Ningeweza kumfuata ofisini nikafunga mlango," alisema. "Mwalimu wangu yule. Lakini alikuwa amenitukana mbele ya watu, nami nikataka kumlipa mbele ya watu."

Aliwakusanya wafanyakazi wote na wanafunzi. Akamwekea Profesa slaidi tupu. Akamwambia, "Soma kwa sauti, Profesa, wote tusikie."

Mzee akasoma. Akasoma kwa madaha, vijidudu vya malaria, vile vinavyofanana na pete yenye kito, vimejaa ndani ya chembe za damu, mgonjwa huyu akimbizwe wodini haraka. Watu wakaanza kucheka. Wifi akaichomoa slaidi, akaiinua dirishani wote waone kioo kitupu, na yeye pia akacheka. Profesa akanyanyua uso. Akafuta lenzi, akakunja kitambaa chake mara nne, akakiweka kulia, akaenda nyumbani. Alikufa mwaka uleule.

"Sikwenda hata msibani," wifi alisema. "Ningewatazama watu kwa uso upi?"

Niliona aibu kwa niaba yake, nikageuza uso, na yeye akaniona nikigeuza uso.

Tulikwenda shuleni. Ilikuwa mchana, jua linawaka madirishani, wasichana wanacheza mpira uwanjani. Nilifungua mlango. Kitambaa kilikuwa kimekunjwa. Kigoda kilikuwa kimesogezwa.

Wifi alichukua slaidi mpya kutoka kwenye boksi. Akaifuta. Akaiinua kwenye mwanga, nami nikaiangalia. Tupu. Akaiweka, akakaa, akasogeza uso.

Akaisogeza slaidi kushoto, akaisogeza kulia.

"Vimejaa," alinong'ona.

Niliangalia mimi. Mwanga mtupu. Nikamrudishia nafasi.

Ndipo nikaona mikono yake. Yote miwili ilikuwa mapajani. Lakini skrubu ya kulengea ilikuwa inazunguka. Polepole. Inakwenda mbele kidogo, inarudi, inakwenda tena. Hivyo ndivyo mtu mwenye macho mabovu anavyotafuta picha.

"Wifi," nilisema.

"Nyamaza. Anasema."

"Nani?"

"Anasema nisome kwa sauti. Wote wasikie."

Sikusikia kitu. Nilisikia wasichana nje, na mpira ukigonga ukuta. Lakini nyuma ya shingo yangu kulikuwa na pumzi ya mtu, ya joto, iliyokuja na kwenda. Sikugeuka. Nakiri, sikuthubutu kugeuka.

Wifi aling'oa uso kutoka kwenye lenzi akaanza kulia. "Nikasimame mbele ya watu wangu niseme nimeona malaria kwenye kioo kitupu? Kesho nitaingia pale na sura gani? Watasema nimechanganyikiwa. Wataninyang'anya maabara."

"Na Chiriku?"

Alifuta machozi kwa mkono wa koti. Kisha akaikumbatia ile hadubini, aliyoshindwa hata kuigusa siku ya makofi, akatoka nayo.

Aliipitisha kwenye ukumbi wa hospitali katikati ya wagonjwa na wageni, watu wanampisha. Akaitua kwenye meza ya maabara. Akawaita wote, wafanyakazi, wanafunzi, hata daktari aliyekuwa akimtibu mtoto. Wengi wao walikuwepo siku ya Profesa. Akawaonyesha slaidi tupu mmoja mmoja, akaiweka, akainama.

Akasoma kwa sauti. Vijidudu vya malaria, vimejaa. Mgonjwa akimbizwe.

Daktari aliangalia, akanyanyua uso, akatikisa kichwa kwa huruma. Binti mmoja mgeni kazini, asiyejua kitu, akacheka puani. Wale wa zamani hawakucheka, walitazama sakafu. Wifi alikuwa mwekundu wa macho, jasho linamtiririka, sauti inakatika, lakini hakuacha. Akasema aliyomfanyia mzee yule, yote, bila kujitetea, na akataja kwamba alicheka. Sijawahi kuona mtu mzima akijivua heshima hivyo. Nilitamani sakafu ipasuke inimeze mimi, sembuse yeye.

Alipomaliza, aliisogeza hadubini nyeusi kando.

"Naomba mtu achukue slaidi ya mwanangu ya asubuhi," alisema. "Ileile niliyoisoma mimi. Aitazame kwenye hadubini yoyote."

Yule binti aliyecheka ndiye aliyeichukua. Akainama. Akakaa muda mrefu. Alipogeuka, midomo yake ilikuwa imepauka.

"Daktari," alisema, "njoo uone."

Damu ilikuwa imejaa malaria. Slaidi ileile iliyokuwa safi asubuhi. Daktari aliangalia mara moja tu akatoka mbio, na dawa ikaanza kuingia kwenye mshipa wa mtoto kabla jua halijazama. Ilikaribia kuchelewa. Alfajiri Chiriku alifumbua macho akamwita baba yake, na kaka yangu akalia mpaka wagonjwa wa vitanda vya jirani wakamliwaza.

Hadubini nyeusi haikutolewa tena kwa mtu. Wifi ameipa meza yake pale maabara karibu na dirisha, hakuna anayeitumia, na imefungiwa kwenye kabati la kioo. Bado ni mkuu, hawakumnyang'anya kitu. Ila koti halipigi tena pasi, na nikimwita Bibi Damu anatabasamu kidogo tu, anatazama pembeni. Wengine wanamcheka chinichini. Anajua.

Jumapili iliyopita nilikwenda kwao asubuhi. Aliyenifungulia mlango ni Chiriku, ndiyo kwanza ameamka. Kuzunguka kila jicho lake kulikuwa na duara jekundu lililodidimia kwenye ngozi, duara kamili, la aina inayobaki usoni mwa mtu aliyekandamiza macho kwenye lenzi usiku kucha. Hadubini iko hospitali, kabati limefungwa, ufunguo uko kwa mama yake.

"Yapo kila siku," wifi aliniambia jikoni, bila kuniangalia. "Mchana yanafifia. Nimemuuliza, anasema hajui."

Chiriku akaniletea chai sebuleni. Siku hizi haongei. Aliweka kikombe mezani, akanitazama usoni, akanitazama muda mrefu kidogo kuliko adabu inavyoruhusu. Kisha akainamisha macho kwa aibu, kama mtu aliyesoma barua isiyo yake.

"Shangazi," alisema kwa sauti ya chini, "mara ya mwisho umepima damu lini?"