Sifa Aliyoishangilia

"Usitikisike Mwalimu, nitakuchoma," Fundi alisema, pini mdomoni, akimpima gauni. "Halafu nisaidie Kiingereza kidogo."

Akampa simu. Ujumbe ulitoka kwa mfanyakazi mwenza wa mchumba wake: "Shemeji, asante kwa mashati. Bwana harusi alisema kweli, you are over the top!"

"Mchumba wangu alitamka hivyo mbele yangu, siku yake ya kuzaliwa," Fundi akaeleza, uso ukimng'aa. "Niliwapelekea ofisi nzima mashati, kila mtu jina lake nimelidarizi kifuani. Wakapiga makofi, nami nikapiga. Nataka mchora mabango aniandikie maneno hayo juu ya mlango."

Mwalimu akamrudishia simu.

"Walikuwa wanacheka?"

"Hawana mbavu!"

"Basi usiandike, mdogo wangu. Husemwa hivyo mtu akipita kiasi. Amejipamba mpaka anachekesha, amefanya jambo mpaka linakera. Sisi tungesema amezidi."

"Haiwezi kuwa sifa?"

"Kwa wapendanao, kwa utani, huenda. Muulize aliyesema."

Fundi akatema pini kiganjani, akampigia mchumba palepale.

"Mpenzi, siku ile ofisini ulisema nini juu yangu?"

"Nilikusifu."

"Nisifu tena, kwa Kiswahili."

"Ni msemo tu. Nani kakutia maneno?"

"Nisifu, nasikiliza."

"Sasa na wewe! Mashati yenye majina, kama watoto wa chekechea! Nani alikuomba? Bosi alinitania wiki nzima!"

"Si ungeniambia nyumbani?"

"Ningekuambiaje na wewe machozi yako karibu?"

"Kwa hiyo ukatafuta lugha nisiyoijua, unicheke nami nikusaidie kucheka."

Akakata. Mwalimu akamshika bega, lakini Fundi alikwisha kuinama, anamalizia pindo la gauni la watu.

Kesho yake asubuhi mchumba akaja dukani, macho mekundu.

"Nimekosa. Nitawaambia wote kazini kwamba nimekosa."

"Wao uliwakosea nini?"

"Basi nipige, nitukane! Zimebaki wiki tatu tuoane. Neno moja tu!"

"Neno moja ningelimeza. Lakini nilikuwa nimesimama pembeni yako. Uliniona ninavyopiga makofi, ukaniacha niendelee."

Fundi akavua pete, akaiweka juu ya cherehani kati yao. Mwanamume akaitazama muda mrefu, akaichukua, akaondoka bila kuaga.

Ndipo Fundi akampigia mama yake.

"Mama, wajulishe watu. Harusi haipo."

"Yarabi! Amekupiga?"

"Hapana."

"Ana mwanamke?"

"Hana, Mama."

"Sasa kakufanya nini, mwanangu?"

Fundi akatafuta jibu. Kila alilolishika lilikuwa dogo, halitoshi kuvunja harusi mbele ya wajomba na mashangazi.

"Aliwafanya watu wanicheke," akasema mwishowe. "Nami nilidhani ananipenda hadharani."

Upande wa pili mama akashusha pumzi.

"Baba yako naye alikuwa na maneno yake ya mbele za watu. Miaka thelathini nimecheka. Funga duka, mama. Njoo nyumbani."