Mkanda Uliofungwa kwa Kamba ya Mgomba

Mama Stephania, jirani wa akina Kemirembe pale Mabira, anasimulia kwamba moto ulioliunguza Fuso la Yustus ulitoka angani. Anasema aliuona kwa macho yake. Kijinga chekundu cha moto kilishuka kutoka kwenye wingu, kikapita dirishani, kikakaa kwenye kiti cha dereva kama mtu mwenye nauli yake. Ukimuuliza wingu lenyewe lilikuwa la mvua au la kiangazi, anakujibu kwamba wewe unahoji kama trafiki.

Kemirembe humsikiliza bila kumkatiza. Lakini yeye alikuwa ndani ya gari lile, na mambo hayakuwa hivyo.

Yustus, baba yake, hubeba ndizi na maharage kutoka Mabira kwenda Omurushaka. Kemirembe yuko darasa la sita, na kila baba anapotaka kuondoka, yeye humsaidia. Humimina maji kwenye rejeta, hupangusa kioo, hugonga matairi kwa fimbo na kusikiliza. Tairi lenye upepo wa kutosha hurudisha fimbo. Lililolegea huipokea tu, kama mto wa kulalia.

Likizo ilipofika, baba alimwahidi kumpeleka kwa shangazi yake Omurushaka. Jioni kabla ya safari, Rwegoshora akapiga simu. Rwegoshora ni dereva mwenzake, wa lori la kahawa.

"Kesho wanakagua pale njia panda," alisema. "Wanataka taa, mkanda, mtungi wa kuzimia moto. Wamekaza kweli."

"Mtungi uko kwako?"

"Uko kwangu. Pita uuchukue. Ukishavuka, nirudishie."

Malori yote ya Mabira yalikuwa na mtungi mmoja tu. Lori la kwanza likishakaguliwa, lilisimama nyuma ya kona, na kijana wa bodaboda akaufunga mtungi kwa kitenge, akaurudisha kwa njia ya migombani hadi kwenye lori linalofuata. Madereva walijivunia desturi hiyo. Walisema mtungi wao una miguu kuliko wao.

Asubuhi Yustus aliwasha taa akakuta za breki zimekufa. Hakwenda kwa fundi. Aliinama chini ya dashibodi, akavua nyaya mbili, akazisokota pamoja, akazizungushia kipande cha nailoni. Taa zikawaka.

"Na mkanda wako je?" aliuliza Mackrine, mama yake Kemirembe, akiwa amesimama mlangoni na ndoo. Kifungo cha mkanda wa dereva kilikuwa kimevunjika tangu zamani.

"Kemirembe atanifunga. Mikono yake inajua kamba."

Kemirembe alifurahi kusifiwa. Alibandua kamba kwenye mgomba, akailowesha, akasubiri baba akae vizuri. Kisha akaufunga ulimi wa mkanda kwenye chuma cha kiti, kwa fundo alilofundishwa na bibi yake, lile la kufungia mikungu inayokwenda mbali. Fundo hilo likikauka hujikaza lenyewe. Sokoni hawalifungui, hulikata. Akalifunika kwa kitambaa cha kiti, na mkanda ukakaa begani kwa baba kama mpya.

"Na kikitokea kitu njiani?" Mackrine aliuliza.

"Kitu gani tena, mama Kemi? Ni ukaguzi tu."

Pale njia panda alisimama askari mwanamke, mrefu, asiye na haraka. Yustus alimsalimia kwa sauti ya upole ambayo nyumbani hawaijui.

"Kanyaga breki. Sawa. Mtungi?"

"Huu hapa, afande."

"Mkanda umevaa. Mtoto naye amefunga. Safari njema."

Nyuma ya kona, bodaboda alikuwa anangoja. Mtungi ukavishwa kitenge, ukaondoka.

"Umeona?" Yustus alicheka. "Hata hakuinama."

"Nilikate fundo, baba?"

"Kwa meno? Kisu hatuna. Tutalikata Omurushaka."

Waliendelea, wakipanda kilima polepole. Kemirembe ndiye aliyenusa kwanza. Ilikuwa harufu ya nailoni inayoungua, kama mtu anawasha jiko kwa viatu. Akatazama chini, akaona moshi ukitoka mahali baba alipokuwa ameinama asubuhi. Kabla hajasema neno, ulimi wa moto ulitokea na kuramba mguu wa suruali ya baba.

Yustus alisimamisha gari pembeni na kuvuta breki ya mkono. "Shuka," alisema. "Kimbia mbali."

Kemirembe alibonyeza kifungo chake, akaruka chini. Akasikia mlango wa baba ukifunguka. Akangoja ashuke. Hakushuka.

Alipogeuka, alimwona baba akijirusha mbele, na mkanda ukimrudisha. Akajirusha tena. Mkono wake wa kushoto ulikuwa chini ya kitambaa, unahangaika na fundo, na moto ulikuwa umeufikia mkono huo.

Kemirembe alianza kukimbilia kwake, kisha akasimama. Alijua lile fundo. Alijua lilivyozungushwa, mara ngapi lilipitishwa chini, na kwamba hakuna kidole cha mtu kinachoweza kulifungua. Aligeukia migombani, akapiga kelele. Alichosema kilikuwa neno moja tu.

"Kisu."

Mama Stephania alikuwa migombani hapo juu, kwa binti yake, anapunguza majani makavu. Alishuka ule mteremko na kisu chake cha migomba, kanga imemvuka, mama mzima wa miaka yake. Hakuuliza kitu. Alipanda kwa mlango wa abiria, akaingiza kisu kwenye ule moshi, akakata mara moja. Yustus akaanguka nje upande wake.

Sehemu hiyo ya kisu, Mama Stephania haisimulii kamwe. Ya wingu ndiyo aipendayo.

Watu walikuja na majembe, wakarusha udongo. Moto uliendelea kula viti. Ndipo lori la Rwegoshora likapanda kilima, limeshakaguliwa, limesifiwa, na mtungi ulikuwa bado kwake kwa kuwa nyuma yake hapakuwa na lori jingine. Rwegoshora alishuka nao, akapuliza, na moto ukafa kwa muda mfupi kuliko wa kumimina chai. Akabaki amesimama, mtungi mkononi.

"Mawe," Mama Stephania alinong'ona, yaani "mama wee" kwa lugha ya kwao, akiutazama mkono wa Yustus.

Zahanati walimfunga bandeji hadi kwenye kiwiko. Kemirembe alikaa kitandani pembeni yake, mikono yake mwenyewe ameikalia.

"Ni fundo langu," alisema.

"Fundo lako lilikuwa zuri. Mimi ndiye niliyelitumia pabaya." Yustus alitafuta maneno, maana si mtu wa hotuba. "Sikiliza, mwanangu. Asubuhi nililipamba gari kwa ajili ya macho ya afande. Yeye alinitazama kidogo akaniacha. Barabara haikuniacha. Taa niliyodanganya ndiyo iliyowasha moto, mkanda niliodanganya ndio ulionishika, na mtungi niliouonyesha haukuwepo nilipouhitaji. Ukaguzi si wa trafiki. Ni wangu mimi, na wewe uliyekaa karibu yangu. Kitu cha usalama kikiwa cha kuonyesha tu, ni heri usiwe nacho, maana utakiamini."

Gari lilikaa kwa fundi muda mrefu. Liliporudi, lilikuwa na nyaya zilizofungwa na fundi umeme, mtungi wake lenyewe kando ya kiti, na mkanda wenye kifungo kinacholia ta. Siku hizi kabla ya kuondoka Yustus humwambia Kemirembe akibonyeze kwanza kuona kama kinaachia. Kikiachia ndipo anapowasha gari. Mkono wake wa kushoto haukunjiki vizuri, lakini usukani anaushika.

Wiki iliyopita, Kemirembe alikuwa uani anachambua maharage, Rwegoshora akaingia.

"Shikamoo, baba mdogo."

"Marahaba, binti. Baba yako yupo?"

"Yuko kwenye gari."

"Sina shida naye. Nina shida na wewe." Rwegoshora alichuchumaa mbele ya ungo. Siku ile alifika kilimani Yustus akiwa tayari ameketi mtaroni, na hajawahi kuuliza alitokaje garini. "Kesho wanakagua tena, na kifungo cha mkanda wangu kimekatika. Nakumbuka mlipopita kuchukua mtungi, baba yako akanisifia fundo lako, na mkanda wake ulivyokaa vizuri begani, hata afande hakushuku."

Akatoa kitu mfukoni, akakiweka juu ya maharage. Ilikuwa kamba ya mgomba, imeshaloweshwa.

"Nifungie na mimi, mwanangu. Lile fundo lako."