Godoro la Nne

Tulifika Lugari saa kumi na mbili kasorobo jioni, tukitafuta boti katikati ya mahindi.

Cheka tu. Hata mimi ningecheka, kama kicheko kingekuwa bado kinanitoka. Boti ilikuwa huko kweli, juu ya trela yake, kwenye shamba la mzee mmoja aitwaye Kibiwott, na ziwa lenyewe liko mbali huko. Mahindi yalikuwa yameizunguka mpaka madirishani. Mlango wake mdogo ulikuwa umefungwa kwa kamba ya katani, tena kwa nje.

Niliyekuwa naye ni mwanangu Clifford, na yeye ndiye sababu ya haya yote. Baba yake, Oliver, alikuwa akiwazungusha wageni ziwani kwa mashua ya mbao isiyo na paa. Miaka miwili iliyopita mashua ikapinduka. Wageni waliokolewa. Oliver hakuonekana. Tulitafuta, tukangoja, na mwishowe wazee wakafanya kinachofanywa kwetu. Walikata shina la mgomba, wakalifunga blanketi lake, tukalizika nyuma ya nyumba kama mtu. Nilitupa udongo wangu juu ya mgomba. Tangu siku hiyo sijalia. Watu husema Navalayo ana roho ngumu. Si ugumu. Ni ganzi tu, kama mguu ulioukalia kanisani.

Kisha Clifford, mtoto wangu wa pekee, akaniambia anaenda kufanya kazi ya babake. Nilimkataza mpaka nikachoka. Huyo akisema amesema, kama yule aliyemzaa. Basi nikamwambia sawa, nenda, lakini hutaenda kwa ubao. Utaenda na boti yenye chumba, paa na injini ya maana, na nitaichagua mimi.

Mimi ni fundi wa vitanda. Kazi hii niliisomea chuo cha ufundi cha Sigalagala, na karakana yangu iko Khayega, nyuma ya soko. Boti sizijui. Lakini marehemu baba yangu alifuga fahali wa kupigana, na alinifundisha jambo moja: fahali hasifiwi na mwenyewe. Ukitaka kumnunua, mtafute aliyemmiliki kabla ya huyo, ukamuulize kwa nini alimwachilia. Ndivyo nilivyofanya kwa kila boti niliyoiona. Boti saba, wenye nazo wa zamani kumi na moja. Nilipiga simu mpaka sikio likawa la moto. Moja ilikuwa imeoza sakafu chini ya zulia jipya. Nyingine mwenyewe alikataa kuiwasha injini mbele yangu, eti betri imelala. Mimi siuziwi mbuzi kwenye gunia.

Hii ya Lugari ilikuwa ya nane.

Nilizunguka nikigonga tumbo lake kwa mpini wa bisibisi, nikisikiliza. Mahali palipooza hulia kama boga. Hapakuwa na boga. Clifford aliwasha injini, ikashika mara ya kwanza. Alisimama ndani bila kuinama, na Clifford huinamia kila mlango pale kwangu. Kulikuwa na jiko dogo la gesi, meza ya kukunja, na choo ambacho ungefikiri ni cha mtoto. Vitanda vinne.

Hapo sasa nilikuwa nyumbani. Nilibonyeza magodoro. La kwanza kavu. La pili kavu. La tatu kavu.

La nne...

Lilikuwa limelowa chapachapa. Paa juu yake lilikuwa kavu, na Lugari haikuwa imeona mvua kwa wiki tatu. Katikati kulikuwa na shimo la mwili wa mtu, mwanamume, si mnene, analalia ubavu wa kulia. Niliacha mkono wangu pale kidogo.

Lilikuwa na joto.

Halafu harufu ikanijia. Matope ya ziwa, na juu yake sabuni ya kipande.

Nilimuuliza Kibiwott kuhusu godoro. Alikuwa amesimama mbali, kofia mkononi, na muda wote ule hakuwa ameikaribia ngazi. Akasema ni mvua. Nikamuuliza mvua gani. Akatazama mahindi yake, kisha akasema yeye na mkewe walitaka kuzeekea ndani ya boti hiyo wakizunguka visiwa, lakini walilala humo usiku mmoja tu. Akanipa namba ya simu ya mwanamke aliyemuuzia. Alikuwa ameiandika tayari kwenye karatasi, kana kwamba alijua nitaiomba.

Mwanamke huyo aliitwa Shiro, mkazi wa Kisumu. Nilimpigia kesho yake jioni nikifunga karakana. Alianza na mazuri: haili mafuta sana, haiyumbi ovyo mawimbi yakija ubavuni, choo chake kina kisirani lakini kinazoeleka. Nilikuwa naandika.

"Godoro la nne bado linalowa?" akauliza.

"Linalowa."

Alinieleza bila kupandisha sauti. Miaka sita nyuma alimwajiri mtu wa kutengeneza injini na kulala humo kama mlinzi. Mtu mpole, alijiita Fundi tu, jina lingine hakutaja. Kitanda cha nne kilikuwa chake. Alfajiri moja hakuwepo. Ndala zake zilikuwepo, na kipande cha sabuni. Walimtafuta majini siku nne. Kwao hakuna aliyepajua, na hakuna aliyekuja kumuulizia. Boti ikaendelea na kazi.

"Majini hana neno," Shiro akasema. "Ni ukiivuta barabarani. Mkifika darajani huwa anaulizanga mto gani huo. Usimjibu, mama. Mimi sikuwahi kumjibu. Kibiwott naye hakumjibu. Nyamaza tu, utafika salama."

Utaniuliza kwa nini basi niliinunua. Kwa sababu boti saba nilizikataa, na Jumatatu ile Clifford alikuwa anaondoka, boti iwepo isiwepo. Rafiki yake alikuwa ameshamwekea nafasi kwenye mashua ya mbao. Huyu wa godoro alikuwa anauliza swali tu. Ubao ndio ulionichukulia mume.

Tuliifuata Jumamosi. Clifford aliendesha pikapu, trela nyuma. Mimi nilikaa nyuma ya pikapu nikiitazama boti, kwa sababu mafundo ya kamba ya watu wengine siyaamini, na baba yangu alikaa hivyo hivyo na fahali wake. Mlango ule mdogo ulikuwa umenielekea, karibu hivi kwamba ningeweza kuugusa kwa ufagio.

Sasa nikueleze jambo, ujue nilivyokosea. Kwetu, maiti akitoka mbali hafungiwi ndani ya jeneza akasafirishwa kama gunia la mbolea. Mtu wa nyumbani hukaa naye nyuma ya gari, akimwambia njia. Mkifika mtoni unamwambia, huu ni mto fulani, tunavuka. Usipomwambia, mwili utafika na mwenyewe atabaki ng'ambo akizungukazunguka. Baba yangu nilimleta hivyo kutoka Eldoret, mto kwa mto, mpaka sauti ikakauka. Oliver sikumleta. Ningemwambia nani njia? Mgomba ulitoka shambani kwangu mwenyewe.

Maneno hayo yalikuwa yamenikaa kooni miaka miwili.

Daraja la Nzoia tulilifikia jua likizama. Kulikuwa na malori mbele, tukawa tunatambaa. Chini maji yalikuwa mekundu, yanavuma. Nikasikia kitu kinagusa mlango kwa ndani. Tk... tk. Si kubisha. Kama mtu anayeegemea, apate kusikia vizuri.

Sabuni ya kipande.

"Huu ni mto gani?"

Sauti ya mwanamume. Imechoka. Ya adabu kabisa.

"Nzoia," nikasema. "Tunavuka."

Ilinitoka kabla sijajua nina mdomo. Nilikuwa nimeonywa kwa lugha ninayoielewa, na bado nikajibu. Kibiwott alinyamaza, Shiro alinyamaza, kwao jambo hilo halipo. Mtu aliyelelewa kwetu hanyamazi mfu akimuuliza mto. Hatuwezi.

Na ukianza huachi. Kila daraja aliuliza, hata vile vijito ambavyo watu huvipita bila kupunguza mwendo, na kila mara nilijibu. Clifford mbele alikuwa amefungulia redio, hakusikia kitu. Mimi hofu sikuihisi. Hilo ndilo linanishangaza mpaka leo. Nilihisi kitu kidogo kinapata joto kifuani, mahali palipokuwa pamekufa. Hesabu niliijua vizuri: huyu alizama miaka sita iliyopita, mume wangu miwili. Lakini tulipofika Isiukhu giza lilikuwa limeshaingia, na nikajisikia nikisema:

"Huu ni Isiukhu, Oliver. Tunavuka."

"Asante," akasema.

Langoni kwangu Clifford alishuka kufungua. Hapo bado ningeweza kunyamaza. Mtu akiletwa mpaka langoni bila kuambiwa amefika, bado ni msafiri.

"Tumefika," nikasema. "Hapa ndipo nyumbani."

Clifford alisukuma lango.

Kisha, karibu kabisa, sauti ikiwa na furaha:

"Pascalia ameniwekea maji ya kuoga?"

Sikumjua Pascalia. Simjui hata sasa. Mahali fulani kuna mwanamke wa jina hilo ambaye aliweka maji jioni moja, yakapoa.

Asubuhi niliamka kabla ya Clifford, nikapanda botini. Kamba ya katani ilikuwa imekatika. Godoro la nne lilikuwa kavu, gumu, limejaa kama limetoka dukani leo. Chini, kwenye umande, nyayo tupu zilitoka kwenye trela zikazunguka nyumba kwenda nyuma. Nilizifuata. Zilienda mpaka kwenye kaburi la Oliver, na hazikurudi.

Mgomba huoza upesi. Udongo wa kaburi lile ulikuwa umeshuka zamani, ukaacha kibonde ambacho kuku walikuwa wakiogea vumbi. Asubuhi ile ulikuwa umejaa. Umeinuka, umechongoka, kama kaburi la jana.

Nilimwita mama mkwe wangu, Teresa, ambaye nyumba yake iko ng'ambo ya ua. Alikuja na fimbo yake, akatazama kaburi, akatazama boti, akaniuliza kama nilitaja mito. Nikasema nilitaja. Akauliza kama nilimwambia amefika. Nikasema nilimwambia. Akakaa chini pale pale kwenye nyasi, mzee wa watu.

"Mama Clifford, umemleta mtu," akasema. "Aliyeletwa hafukuzwi. Hiyo sasa ni nyumba yake."

"Na Oliver, Mama?"

Alivuta nyasi moja akaanza kuikatakata kwa kucha. Huyo ni mwanawe, amemzaa. Sikurudia kuuliza. Maji yakimwagika hayazoleki. Nilienda kumpikia Clifford chai.

Sikumwambia kitu. Jumatatu aliondoka na boti yake. Nilimsindikiza mpaka barabarani, nikamkagulia mafundo.

Imekuwa wiki tano. Boti ni nzuri, sina lawama. Kila jioni Clifford hunipigia simu kuniambia amefunga kazi, mimi ndiye niliyemwekea sharti hilo. Wageni wanaisifu, vitanda vinne vikavu, hakuna anayelalamika. Juzi upepo mkali ulipindua mashua mbili za mbao karibu yake, naye aliwavuta watu wote wakapanda kwake, wakanywa chai ya jiko lile dogo. Niliposikia hivyo nikasema nilichagua vizuri. Wote wawili, Shiro na Kibiwott, nimewapigia simu kuwaambia godoro limekauka. Kibiwott alishukuru Mungu. Shiro aliniuliza ameenda wapi. Nikakata.

Jana simu iliingia saa moja kasorobo jioni. Nilikuwa dirishani, ninapokaa siku hizi, naliangalia kaburi. Kuku hawalikanyagi tena.

"Mama," Clifford akasema, kwa kunong'ona. "Kuna kitu kinagonga boti. Kutoka chini."

Nikamwambia labda ni gogo. Akasema gogo haligongi hivyo. Linagonga mara tatu, linatulia, kisha mara moja.

Nikabana simu sikioni.

Oliver alikuwa akirudi kutoka ziwani hagongi mlango kama watu. Tatu, halafu moja. Na hata akiona kabisa mlango umefungwa, lazima aulize, mmefunga? Miaka ishirini na tatu nilimtania kwa swali hilo. Clifford alilijua kabla ya kujua kutembea.

"Anasema kitu?" nikauliza.

"Anauliza kama tumefunga." Sauti yake ilikuwa imerudi ya mtoto mdogo. "Mama, ni baba. Nimwambie nini? Nimwambie tunamleta nyumbani?"

Nilitazama nje. Udongo ule umejaa, nyasi zimeanza kuota juu yake, na jioni ukipita karibu unasikia harufu ya sabuni ya kipande. Mtu wa watu amelala pale, mahali pa Oliver, amepumzika. Nilitaka kulia. Nilingoja kabisa nione kama kilio kitakuja. Hakikuja kitu.

Kwenye simu nikasikia, mbali, chini ya maji. Tatu.

Halafu moja.

"Usimjibu," nikamwambia mwanangu.