Pete Iliyogoma Kutoka

Isabela alipotumbukiza mkono kwenye ndoo ya mtu asiyemjua, foleni nzima ya bomba la Newala ilipiga kelele.

"We binti! Maji ya kunywa hayo!"

"Nisameheni, jamani. Kidole kinaniua!"

Ilikuwa miaka ile ya mwisho mwisho ya Mwingereza, na bomba lilikuwa bado jipya. Wanawake waliokuwa wakiteremka bondeni na kupanda tena na maji kichwani hawakuwa na mzaha na mtu wa kuyachezea. Lakini mwenye ndoo, mama mmoja aliyejifunga kaniki, alikitazama kile kidole akasahau kugomba. Kilikuwa kimevimba na kuwaka wekundu, ngozi imebabuka kwa mafuta ya maganda ya korosho, na katikati pete ya fedha ilikuwa imezama hadi karibu isionekane.

"Mama yangu! Umefanya nini mwenzangu?"

"Shikamoo, mama. Nilikuwa nabangua korosho. Halafu nikaivuta. Nimeivuta tangu juzi kwa sabuni, kwa mafuta, hata kwa meno."

"Marahaba. Kwa meno! Pete imekukosea nini?"

Isabela aliuficha mkono nyuma. Alikuwa amevaa gauni lake la kanisani lenye maua ya bluu na mkanda kiunoni, maana msichana anayekwenda kumrudishia mtu pete yake haendi na matambara. Alikuwa amepanda lori kutoka Lulindi alfajiri, na njia nzima alikuwa akiyapanga maneno atakayomwambia Mwalimu Reginald. Yalikuwa maneno makali, tena mazuri. Ila pete ilikuwa haitoki, na huwezi kumtupia mtu pete iliyo kidoleni mwako.

Reginald huyo walikutana Masasi, dukani, siku ya msongamano. Isabela alikuwa akijipima khanga, na sauti nyuma yake ikasema, "Chukua ile nyekundu, dada. Hiyo inakuzeesha."

"Nani kakuuliza, kaka? Au wewe ndiye mwenye duka?"

"Mimi mwalimu tu. Nimezoea kusahihisha."

Isabela alicheka mpaka akamkanyaga mguu. Mwaka haukwisha, akavikwa pete mbele ya wajomba zake, na akampenda yule mwalimu mwembamba kupita kiasi. Kisha Benedikto, kaka yake Reginald, akafariki huko Makote, jirani na Newala. Matanga yalipoondolewa, habari zikafika Lulindi moto moto: Reginald amerithishwa jina la marehemu, amekabidhiwa upinde wake kama ilivyo mila, na mjane pia amemchukua. Mama Cecil ndiye mkewe sasa. Isabela alilia, akaacha kula, akaanza kuvuta pete.

"Kaa hapa," yule mama alimwamuru, akamkalisha juu ya debe. "Inua mkono juu ya kichwa. Juu kabisa, damu ishuke. Na usiivute tena, ukivuta ndiyo unazidi kuvimba."

Alifungua fundo la kaniki, akatoa sindano na uzi. Isabela akaruka.

"Unataka kunitoboa?"

"Nikutoboe una nini cha ajabu? Tulia."

Kwa upande wa tundu, si wa ncha, aliupenyeza uzi polepole chini ya pete. Kipande kifupi akakiacha kining'inie upande wa kiganja. Kile kirefu akaanza kukizungusha kidoleni kuanzia penye pete kwenda juu, duara juu ya duara, akikaza mpaka nyama iliyovimba ikabanwa na uzi ukavuka kifundo. Isabela aliuma mdomo. Machozi yalimtoka, lakini yule mama alikuwa na mikono mipole.

"Mchumba kakuudhi?" aliuliza kwa sauti ya chini.

"Ameoa mwingine."

"Aaa! Wanaume hawa!"

Hapo sauti ikaita kutoka bombani, "Mama Cecil! Debe lako limejaa, linamwagika!"

"Lisogezeni, nina mgonjwa!" akajibu yule mama.

Isabela akainuka kwenye debe. Alitaka kukimbia, lakini kidole kilikuwa kimefungwa, na uzi ulikuwa mkononi mwa mwanamke yule yule.

"Wewe ndiye Mama Cecil wa Makote? Mjane wa Benedikto?"

"Ndiye mimi, Dominika. Unanijua?"

"Wewe ndiye uliyeolewa na Reginald wangu!"

Foleni nzima ikageuka. Dominika alikodoa macho, akaitazama pete, kisha gauni, kisha uso.

"Isabela wa Lulindi? Yesu wangu! Nani kakudanganya? Jina alilipokea, watoto wapate wa kumwita baba. Walipomwambia anichukue na mimi, alisimama mbele ya wajomba wote akasema ana mchumba. Wajomba walimfokea mpaka jioni, na mimi niliona aibu, sikufichi. Lakini mtoto yule nimempikia uji tangu yuko shule! Nilale naye vipi?"

 Dominika alishika kile kipande kifupi, akaanza kukizungusha kuelekea nchani mwa kidole. Uzi ulipofunguka chini, pete ilisogea. Ikapanda kidogo, ikapanda tena, ikakwama kwenye kifundo, Isabela akapiga ukelele, na pete ikaruka ikaangukia kiganjani mwa Dominika.

"Shemeji, nimekuja kubeba maji," alisema mtu nyuma yao.

Reginald alikuwa ameshika baiskeli, nywele zake bado fupi tangu zinyolewe matangani. Alimwona Isabela, akaiona pete. Baiskeli ikamponyoka.

"Umekuja kunirudishia," alisema. "Hata kuniuliza hukuniuliza, Isabela?"

"Niliambiwa..."

"Ukaamini."

"Nikaamini. Nimekosa, mpenzi. Nimekosa sana. Nivike tena, hata kama kinauma."

Alitikisa kichwa. "Sivishi kidonda. Na sikuvishi kabla hujajua unachovaa. Kule Makote mimi sasa ni Benedikto. Wako watoto wawili wanaoniita baba, si baba mdogo. Watakula kwangu, watasoma kwangu. Hayo hayakuwapo tulipokuwa Masasi. Ukikataa leo sitakulaumu. Jibu mbele ya watu hawa, maana habari zetu zinapotea njiani."

Isabela alishtuka kuliko alivyoshtuka siku ile nzima. Alikuwa amejiandaa kumpoteza mwanamume, wala hakujiandaa kupewa watoto. Alimtazama Dominika, aliyekuwa ameinamisha uso akikunja uzi wake. Akamtazama Reginald, amekonda, anaogopa.

Alipangusa machozi kwa mkono wenye kidonda.

"Cecil nimemsikia," alisema. "Na mdogo wake anaitwa nani?"