Jaketi za Rangi ya Chungwa

Injini ilikohoa mara mbili, ikanyamaza, na meli ya matembezi iliyotoka Musoma asubuhi ikabaki inayumba ziwani kama kibuyu. Nahodha Yunusu alipokuwa anashusha nanga, kamba ilichomoka ikampiga mzee Nathanieli, ikampasua muundi mpaka mfupa ukaonekana. Binti yake Hilda akamfunga kwa kitenge. Kikalowa. Akaongeza mtandio, nao ukalowa.

Nanga haikushika. Upepo ukaanza kuisukuma meli kuelekea kwenye majabali.

Yunusu aliwapigia simu watu wa kampuni yenye meli. Wakasema boti inakuja. Jua likafika utosini. Wakasema iko njiani. Jua likaanza kuteremka. Wakaagiza kila abiria avae jaketi ya kujiokolea, atulie, na asipige picha. Watu wakacheka kicheko cha mdomoni tu.

Mitumbwi ya wavuvi ilitokea mara mbili. Abiria wakapunga mikono mpaka mabega yakauma, na mara zote mbili mitumbwi ikageuza ikatokomea. Wakawalaani wavuvi, kwamba siku hizi utu umekwisha.

Hilda hakulaani. Mumewe ni mvuvi. Aliitazama meli yao nyeupe, akawatazama watu waliojipanga ukingoni na jaketi za rangi ya chungwa.

"Tuvue hizi," akasema. "Wanatuona sisi doria ya serikali, tumefuata nyavu zao haramu za macho madogo. Wanakimbiaga hivyohivyo."

"Dada, majabali yale huyaoni?" Yunusu akauliza. "Ukizama nimwambie nini mumeo?"

"Mwambie baba yangu aliishiwa damu huku tumependeza."

Akavua yake, kisha ya baba yake. Wengine wakasita, halafu mmoja mmoja wakazisukumia chini ya viti. Mawimbi yalirukia sakafuni, na hakuna aliyekuwa na cha kushika isipokuwa jirani yake.

Mtumbwi wa tatu ulisimama mbali. Hilda akainua kile kitenge chenye damu. Mtumbwi ukasitasita muda wa mtu kumaliza sala zote anazozijua. Halafu ukaja.

Wavuvi wakawabeba kwa mafungu, mzee kwanza. Fungu la mwisho liliondoka meli ikikwaruza mwamba.

Mwaloni Musoma, pale mitumbwi inapofikia, kijana wa kampuni aliwapokea, tai shingoni.

"Nani aliwaruhusu kuvua jaketi?"

Nathanieli, aliyelazwa juu ya rundo la nyavu, akafungua jicho moja.

"Mjukuu wangu," akasema, "tulipozivua ndipo tukaonekana watu."