Karatasi Kumi na Mbili

Shangazi yangu mchoraji si mtu wa kuona mizimu mchana. Na binti yake aliyenisimulia haya, ingawa mdomo wake haukufungwa tangu utotoni hadi ukoo mzima ukamwita Chiriku, hana tabia ya kutia chumvi. Mengine shangazi aliniandikia mwenyewe. Kwa nini aliandika, utajua.

Ilikuwa asubuhi kama asubuhi zote. Chiriku alikuwa chumbani kwake akishona sare za wateja na kubishana na redio. Shangazi alikuwa kwenye meza ya sebuleni na rangi zake za maji. Alikuwa akichora wadudu, na kusema kweli kazi yenyewe ilianza kumchosha, mkono ulishazoea mno. Ndipo akajitungia kanuni za kujibana, akaziandika kwa wino na kuzibandika ukutani.

Picha kumi na mbili, kila moja na kiumbe wake. Hakuna penseli, hakuna kufuta. Karatasi ilowe kwanza, na picha imalizike kabla haijakauka. Kiumbe awe hai, na kiungo kikishachorwa kinyofolewe, ili jicho lisirudi kukichokonoa. Na mfululizo ukianza, haukatizwi.

"Mama, hiyo ya kunyofoa sasa ni roho mbaya," Chiriku alisema akipita na kikombe cha chai.

"Ni wadudu tu, mwanangu. Kashone."

Alianza na panzi. Alikuwa na mtindo wake: anashika paja kwa vidole viwili, anasokota kidogo, kisha anavuta. Kunasikika mlio mdogo, kitu kama kijiti kikavu. Anaweka mguu kando, anachovya brashi, anaendelea. Baada ya panzi akaja nyenje, kerengende, nyigu. Picha zilikuwa nzuri ajabu, hazijawahi kutoka hivyo, na shangazi alifurahi kama mtoto. Mabaki alikuwa akiyatia kwenye bakuli. Mengine yalikuwa bado yanapumua.

Wa tisa alikuwa vunjajungu. Alimmaliza miguu, akamaliza mabawa, kikabaki kifua na kichwa. Kichwa kile kikageuka polepole. Hakikumtazama yeye. Kilitazama ukutani, kwenye kanuni, kikashuka mstari mmoja baada ya mwingine hadi wa mwisho. Kisha kikageukia mlango wa Chiriku. Shangazi alikiponda kwa kidole gumba, akanawa mikono.

Kesho yake, jua likiwa limejaa dirishani, alilowesha karatasi ya kumi. Akageuka kuchukua kopo la mende. Aliporudisha macho, karatasi ilikuwa na rangi.

Ulikuwa ukucha mwekundu, umebanduka rangi kidogo pembeni. Aliufahamu. Jana tu alikuwa amemwambia Chiriku aupake upya.

Cherehani ikanyamaza.

"Mama," Chiriku aliita kwa sauti ya chini. "Mama, kuna mtu amenishika kidole."

Rangi ilitambaa hadi kifundo cha kwanza, ikafika cha pili. Shangazi akamwaga kikombe kizima cha maji juu ya karatasi. Yaliteleza yote, kama yamemwagwa kwenye jani la mgomba, na picha ikabaki palepale. Akakimbilia chumbani. Chiriku ameketi, mkono juu, na kidole chake cha mwisho kinasokotwa. Hakuna anayekisokota. Kidogo tu. Kisha kikavutwa.

Damu iliruka hadi ukutani. Ikalowesha sare nyeupe. Kidole kikaanguka karibu na pedali. Shangazi aliujua mtindo ule, alikuwa ameutumia kwa wadudu tisa.

Alimfunga mkono kwa kitambaa, akamlaza, akampigia simu jirani mwenye gari. Kisha akarudi sebuleni na kiberiti. Karatasi zilikuwa zimebaki mbili. Zote zilikuwa zimelowa, na hakuna aliyezilowesha. Njiti nane zilizimika. Akainua macho, akasoma kanuni zake mwenyewe. Haukatizwi. Kila moja na kiumbe wake.

Basi awe yeye.

Alitandaza mkono wa kushoto mezani akachora kidole gumba, haraka, machozi yakidondoka. Kilisokotwa hata kabla hajainua brashi. Alijiuma midomo ili Chiriku asisikie, na mfupa ulipoachia, alikojoa palepale alipokaa.

Karatasi ya mwisho ilikuwa imekwisha kuanza. Doa la waridi, lenye chembechembe ndogo ndogo. Likarefuka.

"Mama, ul..." Chiriku alisema chumbani. Halafu sauti ya kukoroma, kama ya mtu anayesongwa na damu.

Ulimi. Shangazi akaelewa. Akauvuta wake nje mbele ya kioo cha kabati, akachora kuanzia pale doa lilipofika. Karatasi ilikuwa ikikauka kutoka pembeni. Hakuwahi kuchora vizuri namna ile. Akamaliza ncha. Akaweka brashi chini.

Chumbani, Chiriku akavuta pumzi, akalia kwa sauti nzima.

Ndipo shangazi akahisi vidole viwili vikiingia kinywani mwake. Vikavu. Vyembamba. Vikashika.

Vikasokota kidogo.

Nilikwenda kuwatembelea juzi. Chiriku bado anashona, kwa vidole tisa, na maneno yake sasa yanahesabika. Alinionyesha picha, nikazipanga mezani moja moja. Panzi wa kwanza, ulimi wa kumi na mbili. Chini yake kulikuwa na karatasi nyingine, nyeupe kabisa.

"Pakiti ilikuwa na kumi na mbili," Chiriku alininong'oneza. "Nilizinunua mimi."

Niliigusa. Ilikuwa imelowa.

Shangazi aliniona. Aliutazama mkono wake wa kushoto, vidole vinne vilivyobaki, kisha akainuka taratibu kwenda kutafuta brashi.